Imamu Ghazali: Mwanachuoni Aliyeugua Moyo Akapona kwa Kuzipanga Saa Zake

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: twawasikia ndugu zetu kila siku wakilalamika ya kwamba hawana nguvu. Mwenye duka asema amechoka, mwalimu wa chuo asema amechoka, na kijana ambaye hajatimiza miaka thelathini asema naye amechoka kama mzee. Wako waitafutao nguvu katika majani ya mirungi na katika kukesha barazani, kisha deni hilo hulilipa asubuhi kwa sala ya alfajiri iliyowapita na kazi iliyolala. Wako wakimbiliao kwa waganga wakaambiwa wana pepo. Na wako, nao ndio tuwaoneao huruma zaidi, wadhanio kuwa dini ndiyo iliyowachosha, kwa kuwa walijitwika nyiradi nyingi kwa siku moja, wakashindwa, wakaacha zote pamoja na zile zilizo za lazima.

Kwa hiyo tumeona ni kheri kuwaletea habari za mtu ambaye jina lake lajulikana na kila msomaji, lakini maisha yake ni wachache kwetu wayajuao. Naye ni Hujjatul-Islam, Imamu Abu Hamid Muhammad bin Muhammad al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mtu huyu alifika kileleni mwa elimu na cheo, kisha nguvu zake zikamwishia mbele ya watu, hata akawa hawezi kutamka neno wala kumeza tonge. Na jinsi alivyorudi kutoka katika hali hiyo ndiyo maana ya makala haya.

Yatima wa Tus

Alizaliwa mwaka 450 Hijria, sawa na 1058, katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan, ambayo leo imo katika Iran. Wanahistoria wasimulia ya kuwa baba yake alikuwa maskini mwenye kusokota sufi na kuiuza, mtu asiyejua kusoma lakini apendaye kukaa na maulamaa. Alipohisi mauti yamemkaribia aliwausia wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mchamungu, akamwachia na akiba yake ndogo awasomeshee. Akiba ikaisha, na yule rafiki naye alikuwa fakiri, basi akawashauri waingie madrasa ambako wanafunzi hupewa chakula. Hivyo ndivyo Ghazali alivyoingia katika elimu, mlango wake ukiwa ni mkate.

Alisoma Tus, kisha akasafiri mpaka Jurjan. Yasimuliwa kwamba alipokuwa akirudi, wanyang'anyi waliuvamia msafara wakachukua kila kitu. Kijana Ghazali akamfuata mkuu wao, akamwomba amrudishie mfuko wa makaratasi tu, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na elimu yote aliyoiandika safarini. Yule mnyang'anyi akacheka, akamwuliza ni elimu gani hiyo ambayo mtu akinyang'anywa mfuko hubaki hana kitu. Kisha akamrejeshea. Maneno ya mwizi yule yalimwingia kuliko darasa nyingi. Alipofika kwao alikaa miaka mitatu akihifadhi yote aliyoyaandika, hata pasiwe tena na mtu awezaye kumwibia.

Kisha akaenda Nishapur kwa Imamul-Haramayn al-Juwayni, bingwa wa zama zile katika fiqhi ya Imamu Shafi, akawa naye mpaka alipofariki mwaka 478 (1085). Na hapa twapenda msomaji ajue jambo moja limhusulo yeye mwenyewe. Elimu ya fiqhi ya al-Juwayni ilipita katika vitabu vya Ghazali, kikiwamo kile cha Wajiz. Vikaja kushereheshwa na ar-Rafii. Na katika kazi ya ar-Rafii, Imamu Nawawi akatoa Minhaj yake. Basi kila aliyekaa mbele ya sheikh katika msikiti wa Mombasa, Lamu au Malindi akasoma Minhaj, ameonja katika chungu ambacho Ghazali alikuwa mmoja wa wapishi wake.

Kileleni Baghdad

Baada ya kufa mwalimu wake alijiunga na baraza la Nizamul-Mulk, waziri mkuu wa dola ya Waseljuki, ambako maulamaa walikuwa wakishindana kwa hoja. Akawashinda. Mwaka 484 (1091), umri wake ukiwa kama miaka thelathini na nne tu, akateuliwa kuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nizamiyya ya Baghdad. Wanafunzi mia tatu walikuwa wakimsikiliza. Katika saa alizozipata kati ya kusomesha na kuandika, alizisoma falsafa za Kiyunani peke yake pasipo mwalimu, akaandika kitabu cha kuzieleza na kingine cha kuzijibu.

Mwanahistoria Ibn al-Jawzi asimulia ya kuwa Ghazali alipoingia Baghdad, nguo zake na mnyama aliyempanda vilikadiriwa kuwa vyafikia thamani ya dinari mia tano. Msomaji alishike jambo hili, kwani tutalirudia.

Mwaka 485 (1092) Nizamul-Mulk aliuawa, na Sultani Malikshah akafa mwaka huo huo. Fitina ikatanda. Wakati huo Ghazali alikuwa akisomesha, akitoa fatwa, akijadiliana na kutunga, ilhali jina lake laenea mashariki na magharibi. Lakini ndani ya nafsi yake palikuwa na swali lisilonyamaza: Je, yote haya nayafanya kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, au kwa ajili ya jina? Kila alipolijibu kwa ukweli aliona nia yake haikutakata. Asubuhi huazimia kuacha, na jioni matamanio ya cheo humrudisha.

Ulimi uliofungwa

Ilipofika Rajabu ya mwaka 488 (1095), jambo likatoka mikononi mwake. Siku moja alitaka kusomesha ili kuwaridhisha wanafunzi wake, ulimi ukakataa. Hakuweza kutamka neno moja. Huzuni ikamshuka moyoni, kisha ikamshuka tumboni. Mchuzi haukupita kooni, na tonge haikusagika. Mwili ukadhoofika. Matabibu wakaja wakamtazama, wakakata tamaa ya kumtibu kwa dawa, wakasema ugonjwa huu umeanza moyoni kisha ukaenea mwilini, wala hauna njia ya kuponywa mpaka moyo upumzike na kilichousumbua.

Twaomba msomaji asimame kidogo hapa. Laiti maradhi haya yangemshika mtu katika mitaa yetu, ingesemwa nini? Ingesemwa amerogwa na wenye husuda, au amepandwa na pepo, na ngoma zingepigwa na kuku wangechinjwa. Ghazali, pamoja na kuamini kwake majini na uchawi kama tuaminivyo sote, hakwenda kwa mpiga ramli. Walimtazama matabibu, naye akasikia walilosema, kisha akamlilia Mola wake kama mtu asiyebakiwa na hila. Haya ndiyo mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.): kujitibu na kuomba dua, wala moja halifukuzi jingine. Na mwenye ndugu aliyenyamaza, asiyekula wala kulala, na ampeleke kwa daktari na amwombee, wala asimtie aibu.

Dua yake ikajibiwa kwa kufanyiwa wepesi jambo lililokuwa zito, yaani kuviacha cheo na mali. Akaigawa mali yake, hakubakisha ila cha kumtosha yeye na watoto wake. Nduguye Ahmad akasomesha mahali pake. Mwezi wa Dhul-Qaada mwaka huo akatoka Baghdad akionyesha kuwa aenda Makka, na huku amekusudia Sham.

Upweke, na mpaka wake

Alikaa Damascus karibu na miaka miwili. Alikuwa akipanda mnara wa msikiti wa Bani Umayya akajifungia mlango mchana kutwa. Kisha akaenda Baitul-Muqaddas, akawa akiingia katika Kubba ya Mwamba na kujifungia humo. Huko Khalil, penye kaburi la Nabii Ibrahim, aliweka ahadi tatu: asipokee fedha ya sultani yeyote, asiende baraza la sultani yeyote, na asishindane na mtu kwa majadiliano. Kisha akahiji.

Lakini hakubaki nyikani. Watoto wake walikuwa wakimwita, naye akarudi nyumbani Tus. Mwenyewe ameeleza ya kuwa mambo ya dunia, haja za watu wa nyumbani na dharura za maisha zilikuwa zikimchafulia upweke wake, asipate utulivu ila katika nyakati zilizotawanyika; pamoja na hayo hakukata tamaa, kila alipozuiwa alirudi tena. Muda wa miaka kama kumi alikuwa hivyo. Twalipenda sana jambo hili, kwani twasikia watu wakisema ibada yataka mtu asiye na watoto wala madeni. Huyu hapa Hujjatul-Islam, alikuwa na watoto wenye kuhitaji chakula, na ndani ya miaka hiyo hiyo aliandika kitabu kikubwa cha maisha yake, Ihya Ulumid-Din.

Siku moja katika mizani ya Ghazali

Ihya ina vitabu arobaini, vimegawanywa robo nne: ibada, ada za maisha, mambo yenye kuangamiza na mambo yenye kuokoa. Kitabu cha mwisho cha robo ya kwanza chahusu kuzipanga nyiradi za mchana na usiku. Kadhalika aliandika kitabu kidogo, Bidayatul-Hidaya, cha kumwongoza anayeanza. Katika vitabu hivi twaona dawa aliyojitibu nayo. Tutaitaja kwa ufupi.

Kwanza, aliona kuwa wakati ni rasilimali ya mtu. Asiyepanga saa zake, akafanya kila lililomjia wakati wowote, ni kama mfanyabiashara aliyeacha sanduku la fedha wazi. Ameugawa mchana katika nyiradi saba, tangu alfajiri mpaka magharibi, na kila moja ina kazi yake. Baada ya sala ya alfajiri mpaka jua kuchomoza, mtu ana mambo manne: dua, dhikiri, kusoma Kurani na kutafakari. Kisha huingia katika elimu yenye manufaa, au ibada, au kuwahudumia Waislamu, au kuchuma riziki ya watu wake, kila mtu kwa hali yake.

Na kwa nini mambo yageuzwegeuzwe, yasiwe namna moja kutwa? Kwa sababu nafsi huchoka na jambo moja. Mtu akiilazimisha, huzimika. Akiihamisha kutoka kisomo mpaka tafakuri, na kutoka tafakuri mpaka kazi, hupata uchangamfu mpya kila hatua. Akafundisha vile vile kwamba kidogo chenye kudumu chashinda kingi chenye kukatika. Maji yatonayo daima hutoboa shimo, lakini yakimwagwa yote mara moja hupita yasiache alama. Wahenga wetu nao wamejua ya kuwa haba na haba hujaza kibaba.

Pili, hakuudharau usingizi. Kwake, saa nane katika mchana na usiku zatosha, asizidishe mtu hapo, kwani aliyeishi miaka sitini kwa kipimo hicho amekwisha kulala ishirini. Akasifu na usingizi mchache wa mchana kwa mwenye kusimama usiku, akaulinganisha na daku kwa mwenye kufunga. Akesheaye upuuzi hana haja ya kujidai kuwa usiku wake ni wa ibada, na atakaye alfajiri na aianzie tangu isha.

Tatu, chakula. Aliandika mengi katika kuivunja shahawa ya tumbo, na wasomaji wenye haraka wakadhani ameamrisha njaa. Sivyo. Njaa kwake ni dawa ya nafsi iliyopinda, huvutwa upande wa pili ili inyoke. Lakini mwisho utakiwao ni katikati: mtu ale kiasi ambacho haoni uzito wa shibe wala uchungu wa njaa. Akatoa mfano wa sisimizi aliyewekwa ndani ya pete ya chuma iliyo moto. Kila upande aendao huungua, basi hukimbilia katikati, mahali palipo mbali na moto wa pande zote. Mwili, katika mfano wake mwingine, ni ngamia wa mwenye kwenda hija. Akishughulika naye kutwa kwa kumlisha na kumpamba, msafara utamwacha. Na akimsahau, atamfia njiani. Basi mwenye kujinyima mpaka akashindwa na kazi na sala, na mwenye kujishibisha mpaka akashindwa na yayo hayo, wote wawili hawatafika.

Nne, hesabu. Afundisha kwamba mtu na nafsi yake ni kama washirika wa biashara. Asubuhi washartiane, mchana mmoja amwangalie mwenziwe, na usiku wakae wafunge hesabu: faida ni ipi, hasara ni ipi. Akiona nafsi imefanya hiana, aiadhibu kwa adhabu ya haki, aiongezee bidii, na ailaumu. Watu wetu wa pwani ni wana wa biashara tangu zama za majahazi. Hapana mwenye duka alalaye asijue senti ngapi zimeingia. Ajabu ni kwamba saa ishirini na nne hutoka kila siku wala hazina daftari.

Uradi wa kila mtu ni wake

Lakini lililo kubwa kuliko yote, na ambalo laachwa na wengi wasomao nyiradi, ni kwamba Ghazali hakuwapa watu wote kipimo kimoja. Amewagawa watu mafungu sita: mwenye kujitenga kwa ibada, mwanachuoni, mwanafunzi, mtawala, mwenye kuchuma riziki, na aliyezama katika kumjua Mola wake. Mwanachuoni ambaye watu wanahitaji fatwa na darasa zake, kuwafundisha ndio ibada yake kubwa baada ya faradhi. Mtawala, kutimiza haja za Waislamu kwa uadilifu. Na mwenye watu wa kulisha, haifai kuwapoteza watu wake akajishughulisha na ibada za hiari. Uradi wake ni kuhudhuria sokoni na kushughulika na chumo, ila asisahau kumtaja Mwenyezi Mungu katika kazi yake.

Basi mvuvi aliye kwenye ngalawa, fundi wa mbao na mama aliye jikoni na watoto, wakisali faradhi zao kwa wakati, wakafanya kazi yao kwa halali na ulimi wao ukimtaja Mola wao, hao wamo katika uradi. Ama yule aachaye mkewe na watoto wakikopa unga, naye yuko katika halaka mpaka usiku wa manane, hakumfuata Ghazali.

Kurudi kwa watu

Mwaka 499 (1106) aliitwa arudi kusomesha katika Nizamiyya ya Nishapur. Aliipima nafsi yake: je, abaki katika upweke kwa kuwa ni raha na salama na maudhi ya watu? Akaona raha si hoja, nao ugonjwa wa watu umeenea na matabibu wa dini ni wachache. Akarudi. Kazi ilikuwa ile ile ya Baghdad, bali nia haikuwa ile. Na ile hadithi ya nguo tuliyoahidi kuirudia ni hii: Ibn al-Jawzi asimulia kwamba baada ya zuhudi yake, nguo alizovaa zilikadiriwa kuwa kirati kumi na tano, yaani hazikufikia dinari moja.

Kisha akarejea Tus, akajenga kando ya nyumba yake madrasa ya wanafunzi na makao ya wachamungu. Abdul-Ghafir al-Farisi, aliyeishi zama zake na kumjua, ameeleza kuwa saa zake alizigawa baina ya kuhitimu Kurani, kukaa na watu wa nyoyo safi, na kusomesha, hata lahadha yake na lahadha za waliokuwa naye zisipite bure. Mwisho wa umri aliigeukia elimu ya Hadithi, akazisoma Sahihi mbili za Bukhari na Muslim. Akafariki Jumatatu, tarehe 14 Jumada al-Akhir mwaka 505, sawa na 18 Desemba 1111. Nduguye Ahmad asimulia kuwa alitawadha, akasali alfajiri, akaitaka sanda yake, akaibusu na kuiweka machoni, akanyoosha miguu akaelekea kibla, na roho ikatoka kabla jua halijapanda.

Insafu juu yake

Si desturi yetu kumtukuza mwanachuoni mpaka akawa kama asiyekosea. Ihya ilichomwa moto huko Cordoba mwaka 503 (1109) kwa amri ya watawala wa Murabitun, na huo ulikuwa ujinga wa taasubi. Lakini maulamaa wa insafu nao walikuwa na neno. Ibn al-Jawzi alilaumu Hadithi dhaifu zilizomo na baadhi ya habari za masufi zenye kupita kiasi, kisha hakukitupa kitabu, bali alikifupiza katika Minhajul-Qasidin. Naye Hafidh al-Iraqi, aliyefariki mwaka 806 (1404), alizifuatilia Hadithi zake moja moja akabainisha sahihi na dhaifu. Hii ndiyo njia ya watu wa elimu: huchukua tembe na kupepeta makapi. Anayetaka kusoma Ihya, na aisome pamoja na kazi ya al-Iraqi.

Nasaha yetu

Enyi ndugu zetu, tusingoje tuugue kama alivyougua Ghazali ndipo tuzipange saa zetu, kwani si kila aliyeanguka huinuka. Tuanze usiku wa leo kwa mambo machache yasiyomshinda mtu: tulale mapema baada ya isha, na simu iwekwe mbali na mto, tuamke kwa alfajiri, tukae baada yake japo robo saa kwa dhikiri na kurasa mbili za Kurani, tule tukiwa na njaa na tuache kabla ya uzito, tuchume halali kwa nia ya kuwalisha watu wetu, na kabla ya kufumba macho tufunge daftari la siku. Atakayeweza zaidi na azidishe polepole. Asiyeweza yote na ashike moja alidumishe, wala asiliache.

Na maimamu na walimu wetu twawaomba jambo moja mahsusi. Ajaye kwenu akasema moyo wake umefungwa na mwili wake hauna nguvu, msimwongezee mzigo wa nyiradi kabla ya kumwuliza: walala saa ngapi, wala nini, wadaiwa na nani, na nyumbani kwako kuna nini. Huenda uradi autakao mtu huyo ni usingizi, au tabibu, au ndugu wa kumsaidia kulipa deni.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Ghazali, azisamehe kasoro zake na zetu, na atubarikie saa zilizobaki katika umri wetu. Amin.